Shangazi wa Baba Hayumo

Ukurasa wa tisa wa kijitabu cha ukoo wetu una watoto wanane wa mzee mmoja. Walikuwa tisa. Nimewahesabu mara nyingi tangu rasimu ilipoangushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mwezi wa kumi, ikiwa na jalada la kijani, picha ya ng'ombe wenye mapembe marefu (ng'ombe ambao kwetu Binza sijamwona aliyewafuga, kijana wa steshenari Bariadi aliwatoa intaneti) na jina la kila mwanamume aliyewahi kukohoa ndani ya ukoo huu.

Kijitabu kinazinduliwa Desemba, siku ya mkutano wa ukoo. Kutakuwa na fulana, watachinjwa ng'ombe wawili, na mtu wa spika ameshalipwa nusu. Mchango ni shilingi 50,000 kwa wenye kazi na 20,000 kwa wanafunzi. Mimi nasoma shahada ya uzamili, kwa hiyo kamati imeniweka kwenye wenye kazi. Hilo nalo ni la siku nyingine.

Sina ugomvi na fulana. Nina ugomvi na namna sisi vijana tuliosoma tulivyoingia kwenye kazi hii ya kuandika historia za familia. Tumeingia kwa nia njema na kwa simu nzuri, halafu tunauandika ukoo kama mtu anavyoandika wasifu wa kuombea kazi: vyeo, shule, mifugo, babu aliyeua simba. Yale yaliyotufanya tuwe hivi tulivyo tunayasukumia chini ya kitanda, kisha tunasimama mbele ya spika kusema tumeokoa kumbukumbu.

Huyo wa tisa alikuwa dada wa Babu. Kwa baba yangu ni shangazi, kwangu mimi ni bibi. Nilifika miaka ishirini na mitatu bila kujua kwamba aliwahi kuwapo, na si kwamba kuna mtu aliyeamua kuniambia. Nilimfikia kwa kufuata ng'ombe.

Nilianza vibaya. Likizo ile nilikaa na Bibi uani, yeye anakata viazi vya michembe, mimi nimeegesha simu juu ya kinu, nikamuuliza maswali niliyoyapanga kwenye kaunta buku: ulizaliwa mwaka gani, uliolewa mwaka gani, mlihamia hapa mwaka gani. Akanijibu la kwanza kwa kukisia, la pili kwa kunihurumia. La tatu likamchosha. "Mayu," akasema, "miaka ni ya walimu." Nikazima simu nikaona Bibi hakumbuki kitu. Ujinga ule ulinigharimu likizo nzima.

Likizo iliyofuata nilimuuliza kuhusu ng'ombe wa mahari yake. Alinyamaza kidogo, akaweka kisu chini, akaanza. Walikuwa kumi na wanne. Yule mwekundu mwenye baka jeupe tumboni alitoka kwa mjomba wa Babu. Yule asiye na pembe alikopwa, na deni lake lililipwa miaka mingi baadaye kwa mahari ya binti ambaye leo ni bibi wa nusu ya watu walio kwenye kundi letu la WhatsApp. Dume jeusi lilifia njiani, likaleta maneno, likarudishiwa na lingine. Kila ng'ombe alikuwa na rangi, alikuwa na tabia, na alikuwa na mtu aliyemtoa. Na kila mtu aliyemtoa alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa undugu. Kwa dakika arobaini na saba nilizorekodi siku ile, Bibi alinipitisha kwenye vizazi vitano na ndoa zaidi ya ishirini bila kutaja mwaka hata mmoja. Tunaambiwa wazee wetu hawakuwa na kumbukumbu za maandishi. Sawa. Walikuwa na zizi.

Nikauliza, na hao wengine tisa, ukiondoa hawa watano uliowataja, walitoka wapi? Akasema, hao ndio waliomwolea wifi yangu. Wifi yupi? Akarudia kukata viazi.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu: dada anapoolewa, ng'ombe wake ndio wanaomwolea kaka yake mke. Maana yake Bibi aliingia kwenye nyumba ile kwa ng'ombe wa wifi yake. Bila huyo wa tisa, Babu asingekuwa na kitu cha kumwolea Bibi, baba yangu asingezaliwa, wala mwenyekiti wa kamati ya kijitabu, ambaye ni Baba Mkubwa wangu. Ukurasa wa tisa umemfuta mtu aliyeilipia kurasa ya kumi hadi ya thelathini na mbili.

Yaliyobaki aliyasema siku ya pili, bila kuulizwa, tena akaniambia niwashe simu. Wifi yake alifiwa na mume, akarudi kwao Binza na binti yake mdogo. Baba yao, ambaye alikuwa bado hai, akampa kipande cha shamba upande wa mbugani, udongo mweusi unaoshika maji. Akalima pamba na dengu. Akazeeka mapema. Macho yakawa mekundu, kama yatakavyokuwa macho ya mwanamke yeyote anayepika miaka thelathini kwa mabua ya pamba na samadi kavu ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Kisha kwa jirani wakafa watoto wawili kwa mfululizo, wa kuhara. Wakaenda kwa mganga. Mganga hakutaja jina. Alisema tu mchawi ni mwanamke, anakaa upande jua linakozama, na macho yake hayalali.

Usiku ule mawe yalipigwa juu ya bati lake. Alikimbilia kwa kaka yake. Akagonga. Bibi alikuwa ameshika komeo. Babu akasema, usifungue.

"Sikufungua," alisema Bibi. Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kuzima simu, akaniuliza kwa nini ninaizima, si ndiyo historia niliyokuwa naitafuta?

Alfajiri kijana mmoja wa nyumba ile alimpakia kwenye baiskeli, yeye, binti yake na sufuria mbili, akawafikisha kwenye basi. Hawakurudi tena. Bibi alisikia baadaye kwamba alifariki upande wa Sengerema, na kwamba yule binti yupo Geita.

Lilitokea lini? Hapo ndipo nilipojifunza kwamba miaka si ya walimu peke yao. Bibi anasema redio ilikuwa imelia kwa ajili ya Sokoine, na pamba ilikuwa bado shambani. Edward Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984. Shangazi yangu mdogo, anasema, alikuwa bado ananyonya. Kadi yake ya kliniki, iliyokunjwa ndani ya Biblia, imeandikwa 1983. Basi ni 1984, kati ya Aprili na mavuno. Ndiyo mwaka ule ule ambao Katiba yetu iliongezewa haki za binadamu, ambalo ni jambo la kuchekesha kama una moyo wa kucheka.

Na hakuwa peke yake. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1994 juu ya mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi Usukumani, na moja ya mambo anayotutaka tuyaangalie ni operesheni ya vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka uliofuata operesheni ilipita mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ndio uliokuwa na Bariadi na Maswa (Simiyu imezaliwa juzi, 2012). Watu waliokuwa wametawanyika, kila mji na mashamba yake na zizi lake, wakapangwa mstari. Bibi ana namna yake ya kulisema hilo: zamani mtoto wa jirani akifa ulisikia kesho yake, baadaye ukawa unasikia anavyokohoa. Sisemi operesheni ilitupa mawe. Mawe yalitupwa na watu, na mlango ulifungwa na watu wa kwetu.

Sasa shamba. Lile la mbugani halikukaa bure hata msimu mmoja. Babu alililima mwaka uliofuata, na pamba yake ndiyo iliyomlipia baba yangu ada ya sekondari. Baba alikuwa wa kwanza katika nyumba ile kuvuka darasa la saba. Akawa mtumishi wa serikali, akanisomesha mimi, na leo nakaa hosteli Mlimani naandika tasnifu. Nikifuata fedha kama nilivyofuata ng'ombe, inanifikisha kwenye kipande cha udongo mweusi kilichopatikana usiku mmoja kwa kutofungua mlango.

Hii ndiyo sababu siwezi kuinyamazia rasimu. Nilidhani mwanzoni kwamba kamati imemwacha kwa aibu ya uchawi. Nikampigia Baba Mkubwa. Nilimwamkia shikamoo, tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya pamba, ndipo nikamuuliza. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza jambo kwa mtoto: "Binti yangu, kijiji kitapimwa. Kila ukoo utatakiwa uoneshe watu wake ili upate hati za kimila. Kitabu hiki kitatusaidia. Ukiweka jina lile, umeweka na watoto wake."

Kumbe. Kwa hiyo kijitabu chenye jalada la kijani, tunachoambiwa ni cha kuwajulisha watoto asili yao, kina kazi nyingine. Ni hati ya kusema nani ana haki ya kuwa hapa.

Na si kijitabu chetu tu. Nilikaa wiki kadhaa kwenye chumba cha East Africana, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, penye mkusanyo wa Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya kikoloni kama mtaalamu wa jamii. Kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma kilitoka 1953. Ni kazi kubwa, siibezi. Nimejifunza humo mambo ambayo baba yangu hayajui. Lakini aliketi na watemi na wazee wa mabaraza, wakamwambia mwanamke anarithi nini na harithi nini, akaandika, na kilichoandikwa kikawa ndiyo mila. Sikutegemea kumkuta mle mwanamke akiulizwa habari za ng'ombe wake mwenyewe. Mwaka 1963 serikali huru ikatangaza sheria za mila kwa gazeti, na humo mwanamke aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Ilibidi mwanamke wa Bukoba, Holaria Pastory, aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, aliuze, ashtakiwe na Bernardo Ephraim wa ukoo wake, ndipo mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aseme kanuni ile inapingana na Katiba. Kwa hiyo mtu akikuambia "kuandika ukoo ni mambo ya kumbukumbu tu, usilete siasa", muulize nani aliandika mara ya mwisho, na shamba lilikwenda kwa nani.

Baba Mkubwa alikuwa na hoja nyingine, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Alisema: "Unataka wajukuu zake waitwe wachawi huko waliko?" Kwetu inaaminika kwamba uchawi hurithishwa, mama kwa binti. Bado wapo wanawake wazee wanaouawa kwa panga kwa ajili ya maneno kama hayo. Msichana aliyeolewa vizuri Geita anaweza kuamka siku moja akakuta habari za bibi yake zimefika kwa mama mkwe, kwa mkono wangu, kwa kijitabu cha shilingi elfu tano. Nisiseme hoja hii ni kisingizio. Ni ya kweli, na wenzangu wengi wanaoandika wanairuka. Wanakuta siri ya familia, wanaipigia picha, wanaipandisha mtandaoni na wimbo wa huzuni, halafu wanahesabu waliopenda. Huko ni kupiga mawe bati la mtu mara ya pili.

Lakini tazama hoja inavyotumika. Wanaohofiwa hawakuulizwa. Kamati ya wanaume saba, Binza na Bariadi na mmoja yuko Dodoma, imekaa kuwalinda wanawake ambao haijawahi kuwapigia simu, na ulinzi wenyewe umekuja na ekari zao ndani yake.

Basi niliwatafuta mimi. Ilinichukua miezi miwili, kupitia ndugu mmoja anayepeleka dengu Geita. Yule binti aliyepakiwa kwenye baiskeli sasa ni mama mtu mzima. Nilipompigia sikujua nimwiteje. Nikamwita Shangazi, akaguna, nikajua nimepatia. Aliniuliza mimi ni wa nani, kama tunavyoulizana kwetu salamu ikishapita, nikamtajia baba, nikamtajia Babu. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba niliangalia kama salio limekwisha.

Sitaandika yote aliyosema. Mengine aliniambia kama Shangazi, si kama mtu anayerekodiwa, na kwa kweli sikurekodi. Aliyoniruhusu ni haya. Jina la mama yake liandikwe, kamili, kama lilivyo. Liandikwe alizaliwa na nani, aliolewa kwa ng'ombe wangapi na ng'ombe hao walimwolea nani. Liandikwe alipozikwa. Jina lake mwenyewe liandikwe pia, ila kijiji anachokaa kisiandikwe, na watoto wake wasiandikwe mpaka waseme wao. Neno "mchawi" lisiandikwe popote. Nilimuuliza, basi niandikeje kilichotokea? Akasema: "Andika alifukuzwa. Si mnajua aliyemfukuza?"

Mstari mmoja ule ulinifundisha kuandika kuliko semina zangu zote. Kusema "alituhumiwa" kunamweka yeye kizimbani. Kusema "alifukuzwa" kunatuweka sisi kwenye sentensi. Halafu akaniuliza, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo: yule kijana wa baiskeli bado yupo?

Yupo. Ndiye mwenyekiti wa kamati.

Nililijua hilo kutoka kwa Bibi, na sikuwa nimelitumia. Baba Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minane usiku ule. Aliisikia mikono ya shangazi yake mlangoni, naye hakufungua. Na alfajiri, bila kutumwa na mtu, alitoa baiskeli. Ni yeye peke yake katika nyumba ile aliyefanya kitu. Kijitabu chake kina ukurasa mzima juu ya babu mkuu na simba, simba ambaye kila ukoo ninaoujua unaye, na hakina mstari juu ya kijana aliyeendesha baiskeli gizani na mwanamke aliyetengwa nyuma yake, huku akijua kila mwenye fimbo njiani angeweza kumsimamisha. Anadhani ninataka kumvua nguo. Ameficha kurasa mbili kwa wakati mmoja, ya aibu na ya heshima, kwa sababu ni ukurasa mmoja.

Ng'ambo ya ziwa letu, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitabu kilikaa miaka thelathini na zaidi, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa mapema miaka ya themanini wakati naye anafikia mwisho wa maisha yake. Alikuwa na hofu ile ile tuliyo nayo, kwamba watoto watasahau. Lakini aliyoyaandika si orodha ya mashujaa. Ni nyumba isiyopata mtoto, ni wakwe wanaogombana, ni mke anayechukuliwa kurudishwa kwao, ni pombe ya ndizi ya kuombea radhi. Aliziona hizo ndizo za kuokolewa. Mtu angemwambia aziondoe ili zisiwatie wazee aibu, pangebaki nini? Labda jalada.

Nawe unayesoma hapa, najua una daftari lako, au faili kwenye simu lenye jina "Ukoo". Fanya jambo dogo. Hesabu wanawake. Angalia nani ameandikwa "na wengineo". Angalia shangazi gani ana jina bila kaburi. Kisha kabla hujamwuliza mzee mwingine mwaka wa kuzaliwa, muulize ng'ombe, au minazi kama kwenu ni pwani, au kahawa, au mtumbwi. Muulize kitu kilichopita mkononi mwake. Na ukimpata mtu aliyefutwa, usimchapishe kabla ya kumpigia simu mtoto wake. Nililipenda sana wazo la kumtoa mtu gizani mpaka nilipogundua kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuwa gizani. Anapika chakula Geita, na majina yetu yote anayajua.

Wiki iliyopita niliituma kwa kamati nyongeza ya ukurasa wa tisa. Mistari sita, kwa maneno ya Shangazi, pamoja na mstari mmoja wa baiskeli ambao nimeacha nafasi ya jina, ajaze mwenyewe au asijaze. Bibi nilimsomea kwa simu. Akasema nimekosea rangi ya ng'ombe mmoja, nikarekebisha. Kwenye kundi, wawili wameweka alama ya dole gumba, mmoja ameuliza tena habari za saizi za fulana. Baba Mkubwa ameusoma ujumbe, alama za bluu zimeonekana, hajajibu.

Steshenari wanataka rasimu ya mwisho ifike Ijumaa. Shilingi 50,000 zangu zipo kwenye simu, na zitatoka siku nitakayoona kwenye ukurasa wa tisa majina tisa.